Oili ya Gari la Zamani: Tusome Dumu Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Miji yetu inaendeshwa na magari ya zamani. Simama Kariakoo au Mwenge, Dar es Salaam, au simama River Road, Nairobi, kisha uhesabu magari yanayopita mbele yako. Mengi yalikwisha tumika katika nchi nyingine kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Mengine yamepita mikono mitatu minne hapa hapa nyumbani, na mengine baba amemrithisha mwanawe. Hakuna aibu katika jambo hilo. Gari la zamani likitunzwa linalisha familia, linalipa ada za shule, na usiku wa manane linampeleka mgonjwa hospitali.

Lakini injini ikifa, mambo hugeuka. Kwa dereva wa teksi injini ni jembe lake na shamba lake. Ndiyo maana leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakinunua kwa mazoea tu, bila kukisoma: oili ya injini, pamoja na zile chupa ndogo zinazoitwa dawa ya injini.

Ukifika dukani, muuzaji atakuuliza, "Unataka nzito au nyepesi?" Fundi aliyekutuma amekwambia, "Gari hilo limechoka, weka nzito." Nawe unalipa, unaondoka. Hakuna aliyeuliza injini ni ya aina gani, ya mwaka gani, wala ina ugonjwa gani. Ni sawa na kwenda duka la dawa na kuomba vidonge vikubwa kwa kuwa mgonjwa ni mzee.

Tuanze na kazi za oili. Ya kwanza tunaijua sote: kulainisha, ili chuma kisisugue chuma. Lakini oili hufanya kazi nyingine nne. Hupooza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile chini ya pistoni na kwenye beringi za krenki. Huosha masizi na uchafu na kuubeba hadi kwenye chujio. Huziba upenyo mdogo uliopo kati ya ringi na silinda. Na huzuia kutu. Kwa hiyo oili ikigeuka nyeusi baada ya siku chache, usikimbilie kusema ni mbovu. Aghalabu ni dalili kwamba inaosha. Oili ya kutiliwa shaka ni ile inayobaki safi miezi mitatu ndani ya injini chafu.

Sasa tulisome dumu. Alama za maana ni mbili.

Alama ya kwanza ni namba za uzito, kama 20W-50, 15W-40 au 5W-30. Hizi zilipangwa na chama cha wahandisi wa magari kinachoitwa SAE. Namba yenye herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na herufi hiyo imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 15W hupimwa uwezo wake wa kuwashwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haijapata kufika Tanga wala Mombasa. Kwa hiyo mkazi wa pwani asikoseshwe usingizi na tofauti ya 15W na 20W, ingawa aliye Njombe au Limuru anayewasha gari alfajiri ya mwezi Julai ataona faida ya namba iliyo ndogo.

Namba ya pili ndiyo yetu hasa. Inaeleza uzito wa oili injini ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo oili inavyobaki nzito katika joto. Ile tunayoiita "oili namba 40" ina namba moja tu: haina sifa ya kubaki nyepesi asubuhi. Ilifaa kwa injini za zamani sana, na bado inauzwa, lakini kwa magari mengi oili ya namba mbili ni bora kwa sababu hufika juu kwenye kamshafti upesi injini inapowashwa. Na katika dakika hizo za kwanza ndipo injini husagika zaidi.

Alama ya pili ni herufi za ubora, na hizi ndizo wengi huzipita. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hutumia herufi S kwa injini za petroli na C kwa injini za dizeli. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi cha oili. SF ilikusudiwa injini zilizotengenezwa hadi mwaka 1988. SJ ni ya hadi 2001, SL ya hadi 2004, SM ya hadi 2010, na SP ilianza mwaka 2020. Ile ya chini kabisa, SA, haina dawa ndani yake hata moja, nayo haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Naam, umesikia vizuri: 1930. Basi dumu likiwa na picha ya gari la mashindano na rangi za kupendeza, lakini halina herufi hizo, au lina herufi za miaka hiyo ya nyuma, lirudishe kwenye rafu.

Kwa dizeli, tafuta C: CF-4, CH-4, CI-4 na zile zilizofuata. Injini ya dizeli hutoa masizi mengi, na oili ya petroli peke yake haina nguvu ya kuyabeba. Yapo madumu yenye alama zote mbili, kwa mfano CI-4/SL, na hizo ni sahihi kwa aina zote mbili za injini.

Ndugu msikilizaji, hapa tunafika penye kosa kubwa. Tunaposema "gari la zamani" tunachanganya wazee wa aina mbili.

Mzee wa kwanza ni mzee kwelikweli: Peugeot 504, Datsun 1200, Corolla za injini ya K, na wenzao wa miaka ya 1960 na 1970. Injini hizi zilijengwa kwa nafasi pana kati ya vyuma, na kamshafti yake husugua moja kwa moja juu ya tapeti bapa, huku springi za valvu zikikandamiza. Zinapenda oili nzito kiasi, kama 20W-50 au 15W-40. Tena zinahitaji zinki na fosforasi, dawa inayotengeneza utando mwembamba mahali ambapo chuma hukandamiza chuma.

Katika oili nyepesi za kisasa dawa hiyo imepunguzwa. Tangu kizazi cha SM kilipoingia mwaka 2004, oili za kundi la 5W-30 zilitakiwa fosforasi yake isizidi sehemu 800 katika milioni. Sababu ni kwamba fosforasi huua yale masega yaliyomo kwenye ekzosi ya magari mapya, yanayosafisha moshi. Lakini kikomo hicho hakikuwekwa kwa 20W-50 wala 15W-40. Kwa hiyo mwenye Peugeot yake ya 504 akinunua 20W-50 ya kweli yenye herufi nzuri, kwa kawaida amekwisha pata zinki ya kutosha. Hana haja ya kununua chupa ya ziada ya zinki, kwani dawa ikizidi kipimo haizidishi kinga.

Mzee wa pili ni mzee wa kilomita tu. Ni IST, Vitz na wengine walioingia nchini wakiwa wametumika Japani. Gari la mwaka 2003 ni kongwe, lakini injini yake, kama ile ya 1NZ-FE, ni ya kisasa. Nafasi kati ya beringi na krenki ni nyembamba sana, na mtambo wa VVT-i unaopanga majira ya valvu huendeshwa na oili yenyewe ikipita kwenye vitundu vidogo. Ilibuniwa kwa oili ya kundi la 5W-30. Ukimimina 20W-50 kwa kuwa "gari limechoka", oili inachelewa kufika juu asubuhi, mtambo ule unachelewa kuitika, na petroli inaliwa zaidi kwa kusukuma uzito usio na kazi. Gari la namna hii likianza kupunguza oili kidogo, panda ngazi moja: kutoka 5W-30 nenda 5W-40 au 10W-40. Usiruke ngazi mbili kwa siku moja. Mwamuzi wa kwanza na akiwe kitabu cha gari. Kama kimepotea, namba ya injini unayo, na fundi makini ataitumia hiyo.

Je, oili ya sintetiki huharibu injini ya zamani? Uvumi huu una asili yake, maana sintetiki za mwanzoni zilikuwa zikisumbua sili za mpira. Za leo hazina tabia hiyo. Linaloweza kutokea ni kwamba oili inayosafisha vizuri huondoa tope lililokuwa limeziba ufa wa sili iliyokwisha kufa, na mvujo uliojificha ukaonekana. Oili haikutoboa sili. Imelifichua tu tundu. Zipo pia oili zilizoandikwa kuwa ni za magari ya kilomita nyingi. Hizo huwa na dawa ya kulainisha sili zilizokauka, na kwa mvujo mdogo zinaweza kusaidia. Kwa mvujo mkubwa, badilisha sili.

Sasa tuje kwenye chupa za dawa. Zinauzwa madukani, kwenye foleni na hata kwenye vituo vya mafuta. Zinaahidi kuzuia moshi, kurudisha nguvu, kunyamazisha kugonga, na kufunika vyuma kwa utando usiosugulika. Mtu mwenye gari linalotoa moshi ni kama mwenye mgonjwa nyumbani. Ukimwahidi nafuu kwa bei ndogo, atalipa.

Huko Marekani jambo hili liliwahi kufikishwa mbele ya sheria. Kulikuwa na dawa maarufu iliyoitwa Slick 50, iliyotangazwa kwamba chembe zake za plastiki ya aina ile inayopakwa kwenye vikaango hufunika vyuma vya injini na kupunguza kusagika. Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilidai kwamba madai hayo hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 1997 shauri likaisha kwa makubaliano. Kampuni nyingine za dawa za injini nazo zilifikishwa mbele ya tume hiyo hiyo katika miaka iliyofuata. Hoja kuu ilikuwa moja, nasi tuishike: oili nzuri tayari ina dawa zake, zimepimwa kwa uwiano na wahandisi wake. Ukiongeza nyingine usiyoijua, unavuruga chungu kilichokwisha kolezwa.

Tena dawa nyingi za kuzuia moshi ni uzito tu uliotiwa chupani. Zinaifanya oili kuwa nzito kama asali, moshi unapungua juma moja au mawili, na kugonga kunafifia. Ugonjwa uko pale pale, sasa umefunikwa blanketi.

Njia iliyo bora ni kuusoma moshi kwanza. Moshi wa buluu unaotoka mara tu unapowasha asubuhi, kisha ukakoma, mara nyingi hutokana na sili za valvu. Hizo ni vipande vidogo vya mpira, na katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa buluu unaotoka kila ukikanyaga mafuta, safari nzima, huelekeza kwenye ringi na silinda. Mwambie fundi apime kompresheni. Kisha atie oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zilizochoka. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni maji yanayoingia ndani, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Hapo simamisha gari, maana maji yakifika kwenye beringi, krenki inakwenda. Moshi mweusi si habari ya oili kabisa. Ni petroli au dizeli isiyoungua vizuri.

Tupige hesabu ndogo. Gari linalokula lita moja ya oili kila kilomita 1,000, na linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi, litakula lita 24 kwa mwaka. Hayo ni madumu sita ya lita nne, mbali na oili ya sevisi. Ongeza juu yake chupa ya dawa kila mwezi, chupa 12. Nenda kaulize bei za vitu hivyo mtaani kwako, jumlisha, kisha ulinganishe na bei ya sili za valvu pamoja na ujira wa fundi. Wako watu wanaolipia matengenezo kila mwaka bila kuyapata.

Liko pia jambo la kusafisha injini kwa dawa kali kabla ya kumwaga oili. Katika injini iliyotunzwa, halina haja. Katika injini iliyojaa tope la miaka, ni hatari, kwa sababu tope likibanduka kwa mkupuo huziba chujio la chini la pampu, na injini hukosa oili huku sampu imejaa. Safisha polepole: weka oili nzuri, ibadilishe mapema baada ya kilomita 1,500 au 2,000 pamoja na chujio lake, rudia mara mbili tatu. Baada ya hapo, kwa foleni zetu na vumbi letu, kilomita 5,000 au miezi sita kwa oili ya kawaida ni kipimo cha busara. Wala usibadilishe oili ukaacha chujio la zamani. Ni kuoga na kuvaa nguo chafu.

Na yote haya ni bure kama oili yenyewe ni ya kughushi. Wapo wanaochuja oili chafu, wakaitia rangi na kuijaza kwenye madumu yaliyookotwa gereji. Tazama kizibo na pete yake kama havijakatwa. Tafuta namba ya toleo na tarehe, uone kama imepigwa dumuni au imebandikwa juu juu. Nunua kwenye duka linalokupa risiti na linaloweza kupatikana kesho. Bei ikiwa ya chini mno, jiulize nani anailipia nafuu hiyo. Tena usiondoke gereji ukaacha dumu lako zima. Litoboe. Dumu zima lenye nembo ya kweli ndilo mtaji wa mghushi.

Kwa anayenunua gari mkononi mwa mtu, nina neno moja. Omba ulikute la baridi. Gusa boneti; kama ina moto, rudi kesho. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili inaning'inia kama asali, uliza imewekwa nini na kwa nini. Fungua kizibo cha juu, utazame kama kuna tope jeusi. Kisha liendeshe, teremka mteremko ukiwa umeachia mafuta, halafu kanyaga ghafla huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la buluu likitoka, umekwisha jua ulichotaka kuuziwa. Akiba ya miaka mitatu haistahili kununua injini iliyofunikwa blanketi.

Mwisho, oili inayomwagwa. Tunaipaka mbao kuzuia mchwa, tunaimwaga vumbini, tunaitupa mtaroni. Oili iliyotumika imebeba vyuma vilivyosagika na kemikali za mwako zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeishika kila siku bila kunawa. Ikifika kwenye kisima, kiasi kidogo tu hutosha kuharibu maji mengi. Vijana wa gereji wapewe glovu na sabuni, na oili chafu ikusanywe kwenye pipa lenye kifuniko, ichukuliwe na wenye kibali cha kuiteketeza au kuitengeneza upya.

Ndugu msikilizaji, leo jioni, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Chomoa kijiti, utazame kipimo cha oili. Kisha andika kwenye karatasi namba ya injini yako na aina ya oili inayotakiwa, uiweke ndani ya gari. Siku muuzaji atakapokuuliza, "Nzito au nyepesi?" umsomee karatasi hiyo.

Kwaherini, na safari njema.